Njoo Uitoe

Watu wa Kilindoni hapa kisiwani wanasema Khatija ana maringo. Nimewasikia sokoni, nimewasikia hospitali kwenye foleni, nimewasikia hata msibani, mahali ambapo mtu mwenye adabu hufunga mdomo. Ati akipita hasalimii, ati ukimsemesha anakutazama tu, ati Wahindi wa Dar ndivyo walivyo. Haya, nyinyi mnamjua Khatija? Mmekaa naye jikoni? Mimi Mwanaharusi nimepika katika nyumba ile tangu mume wake anavaa kaptura za shule, na siku ile nilikuwepo chumbani, nimesimama nyuma ya kiti chake na kitambaa cha vumbi mkononi. Basi nyamazeni, niseme mimi.

Duka la Bahadurali liko barabarani, nyumba iko nyuma yake, na katikati pana chumba kimoja cha giza ambacho zamani kiliwekwa nyavu. Mzee aliuza nyavu, kamba, ndoana na rangi za mashua, na wavuvi walikuwa wakitoka hadi Bweni kuja kwake, na ile barabara mbovu. Ilipokuja hifadhi ya bahari ikakataza nyavu za macho madogo, nusu ya mzigo wake uligeuka haramu huku uko rafuni. Ikabidi duka liuze vocha, chaji za simu, lipige na fotokopi. Mzee Bahadurali alikubali, kama anavyokubali kila kitu. Yule mzee hata kukohoa anaomba ruhusa. Mwenye nyumba ni mkewe, Narjis, na hilo hata mbuzi wa jirani analijua.

Narjis si mwanamke wa kelele. Laiti angekuwa wa kelele, mtu angezoea. Yeye husema polepole huku anachambua mchele, hakutazami, na neno lake likishakuingia hulisikii mara moja. Unalisikia baadaye umejilaza, ndipo unakaa kitako unajiuliza, hivi huyu mama kanitukana? Ndiyo, kakutukana.

Kwenye mikono ya mama huyo ndiko alikoangukia Khatija. Nabeel, mtoto wa kiume wa Narjis, alikutana naye Dar es Salaam chuoni, binti anasomea kompyuta, anacheka ovyo, anatembea haraka haraka. Baba yake alikuwa fundi saa, mzee mkali wa Kariakoo, na alikataa. Hakukataa kijana, alikataa haraka. Alisema amalize chuo kwanza, mume hakimbii. Khatija akasema ataolewa mwaka huo huo, na mwaka huo huo akaolewa.

Sasa sikilizeni hapa, maana yote yaliyofuata yalitokea hapa. Siku ya kumtoa bibi harusi, yule mzee aliweka kiti mlangoni, akavaa kofia yake nzuri, akakaa. Hakukaa kumzuia. Alikaa ili binti yake apige magoti amwombe radhi, naye amwekee mkono kichwani, kama anavyofanyiwa kila bibi harusi mwenye baba. Khatija akatoka na pambo lake, akampita. Hakusimama, hakutazama pembeni, akaingia garini. Aliniambia mwenyewe, tunamenya vitunguu. Alisema alikuwa na hasira, na alijua kwamba baada ya wiki mbili atarudi kutembea, atamwomba vizuri. Hakurudi. Mzee alituma salamu kwamba mtoto aliyempita kama anapita nguzo ya umeme asimpigie simu. Alikosea Khatija, sisemi hakukosea. Lakini jamani, msichana ana hasira siku ya harusi yake, ndiyo aje alipishwe hivi?

Huku kwetu alilipishwa kila siku kidogo kidogo. Chapati zake ngumu. Kicheko chake kikubwa. Tumbo lake halishiki mimba. Narjis hakumwita mkwe wala mwanangu, alimwita mgeni. "Mgeni ameamka?" ananiuliza mimi, na Khatija amesimama pale pale na kikombe. Nabeel naye alikuwa mume mzuri akiwa peke yake na mkewe, na akiwa na mama yake alikuwa mtoto wa mama yake, na katika nyumba ile mama yake yuko saa zote.

Kilichokuwa chake Khatija ni kompyuta ya bata. Msicheke. Nabeel aliinunua Dar, imetumika, rahisi kwa sababu haikuwa na Windows ambayo kila mtu anaijua, ilikuwa na mfumo unaitwa Linux, na alama yake ni pengwini. Nani Kilindoni kamwona pengwini? Wateja waliona bata mnene amekaa, wakaiita kompyuta ya bata, na jina likashika. Narjis alisema mwanawe kauziwa bata asiyetaga. Ikakaa chumba cha nyavu imefunikwa kanga mpaka Khatija alipoifunua, na ndani ya siku chache akawa anapiga barua za watu, kadi za harusi, mitihani ya walimu. Watu wa Miburani walikuwa wanakuja na karatasi zao, nataka kupigiwa kwenye bata. Mle chumbani tu ndimo nilimokuwa nikisikia kile kicheko.

Halafu Sohail akapiga simu. Sohail ni kaka yake Khatija, aliyebaki nyumbani na wazee. Baba kapigwa na kiharusi. Upande wa kulia umekufa, ulimi umekufa, hasemi hata neno. Lakini akili iko, na mkono wa kushoto unafanya kazi, na tangu alipofumbua macho ule mkono unaonyesha ukutani, kwenye picha ya Khatija. Wamemletea maji, wamemletea dawa, wamemgeuza, anarudia kuonyesha picha. Anakutaka wewe, Sohail akasema.

Niliona mtu anavyofufuka. Alikuja jikoni analia na kucheka pamoja, akanishika mabega, akaniambia dada Mwanaharusi, baba ananitaka. Akaenda kukunja nguo zake kabla hata hajaomba ruhusa, maskini. Nabeel alikuwa Dubai kununua mizigo. Akampigia, na Nabeel akasema pole sana, akasema muulize mama.

Narjis alikuwa na sinia la mchele mapajani. Khatija alisimama mbele yake akaeleza yote, ndege ndogo ipo kesho, atakaa siku chache tu. Narjis akachambua, akachambua, akatoa kijiwe akakitazama.

"Ulipotoka kwa baba yako hukuomba ruhusa," akasema. "Leo umejifunzia wapi?"

Basi. Na dukani atakaa nani, akasema, na mke wa mtu ambaye mumewe hayupo anapanda ndege kwenda wapi. Mzee Bahadurali alikuwepo, alitazama ndara zake. Nilimtazama nikatamani angalau akohoe.

Mtu atauliza, si angepiga simu tu. Alipiga. Sohail alimwekea mzee simu sikioni, na Khatija akasema yote aliyokuwa nayo, na upande wa pili ikawa pumzi tu, pumzi, pumzi. Mtu asiye na ulimi anatoaje radhi kwenye simu? Anaitikia kwa kichwa, na kichwa hakisikiki. Ndipo Sohail akasema wataonana kwa kompyuta, uso kwa uso, kwa Skaipu. Yeye ana kompyuta ya mapajani, ataiweka mbele ya mzee. Khatija anayo bata. Kilichokosekana ni intaneti tu.

Na intaneti ilikuwepo, iko ukutani. Ubavuni mwa duka palikuwa na ofisi ya mradi mmoja wa kuhesabu kasa, na dishi lao juu ya bati, na mtandao wao usio na waya ulikuwa unavuja hadi kwetu. Karani wao Abeid alimhurumia Khatija, akamnong'oneza neno la siri, akamwomba asimtaje. Lakini bata hakuwa na kifaa cha kushika mtandao wa hewani. Shabina, dada yao Khatija na Sohail, akanunua adapta Kariakoo na kamera ndogo, akazifunga kwenye soksi ya mtoto, akampa abiria wa ndege. Kesho yake tumezipata.

Kamera iliwaka papo hapo. Khatija alijiona kwenye skrini, akarekebisha ushungi, akajicheka. Akachomeka adapta. Ilikuwa kidude kidogo, ukubwa wa kidole gumba, na mtu yeyote wa hapa angekiona angesema hiyo flashi, zile tunazotilia kaswida na mikanda ya harusi tukaazimana nyumba kwa nyumba. Kumbe hata kompyuta iliona hivyo. Badala ya mtandao, pakatokea pale kwenye skrini alama ya sidii, na ukiifungua ina mafaili ndani ya Kiingereza. Mtandao hakuna. Taa ya adapta haikuwaka.

Akampigia Sohail. Sohail ni mjuaji, na yeye naye anatumia hiyo hiyo Linux, tena kwa kuringa kwake amekigeuza kila kitufe Kiswahili. Akasoma huko kwenye mitandao yake, akarudi na jibu. Akasema adapta hizi za bei rahisi ni waongo. Ukizichomeka zinajifanya sidii, kwa sababu ndani zimebeba vitu vya kuwapa watu wa Windows. Sisi hatuvihitaji. Kwa hiyo ikijitokeza kama sidii, itoe. Itoe halafu subiri, itageuka yenyewe kuwa adapta. Nilisikia kwa masikio yangu, maana simu ilikuwa kwenye spika na mikono yake Khatija ilikuwa na kazi.

Itoe. Khatija akashika kile kidude, akakitoa. Mngefanya nini nyinyi? Mtu akikwambia toa flashi, si unaitoa? Akakishika mkononi, akasubiri.

Sohail akauliza umeitoa, akasema nimeitoa. Ile sidii imepotea kwenye skrini? Imepotea. Taa imewaka? Haijawaka. Subiri tena. Akasubiri, kidude kiko kiganjani mwake kimekufa, kitawaka na nini? Akakirudisha, sidii ikarudi. Akaitoa tena. Majibu yote aliyompa kaka yake yalikuwa ya kweli, na maswali yote ya kaka yake yalikuwa sawa, na walikuwa wanasema vitu viwili. Kwenye skrini ya Sohail palikuwa na kitufe kimeandikwa Toa. Kwa Khatija hapakuwa na neno, palikuwa na kialama tu pembeni ya jina la ile sidii, kipembetatu kimekaa juu ya mstari, kidogo kama punje, na hakuna aliyemwambia akitazame.

Sohail akakata shauri kwamba tatizo ni jingine. Wakaanza kuandika amri kwenye dirisha jeusi, Sohail anamsomea herufi moja moja, m ya mama, o ya Omari, d ya dada, na Khatija anaandika, na mashine inamjibu kwa mistari ya Kiingereza, naye anamsomea Sohail herufi moja moja kurudisha. Umeme ukikatika wanaanza upya. Vocha za duka zilikwisha kwa simu zile, na Narjis aliona, na hakusema kitu. Nikajua ameweka akiba.

Na kila alasiri, jamani, kila alasiri huko Kariakoo walikuwa wanamvalisha yule mzee. Kanzu, na ile kofia. Wanamnyanyua wanamwegemeza kwa mito, wanamwekea kompyuta mbele, Sohail anamwambia Khatija anakuja sasa hivi. Sasa hivi, baba, bado kidogo. Mzee anatazama skrini tupu mpaka shingo inamwangukia, wanamlaza. Kesho wanamvalisha tena. Khatija alijua, alikuwa anaambiwa, na akijua hivyo vidole vyake vinakosea herufi, na wanaanza upya. Nilimletea chakula nikakirudisha. Nilimwambia lala, akaniambia nikilala yeye amekaa.

Halafu ikaja siku Sohail akapiga simu na sauti yake ilikuwa nyingine. Leo mzee hakutaka kofia. Walipomvalisha aliivua kwa ule mkono wa kushoto akaitupa chini.

Khatija akasema mwambie ni mtambo, kaka, mwambie si mimi ni mtambo.

"Nimemwambia," Sohail akasema. "Anatazama mlango tu. Anadhani umempita tena."

Sitasahau alivyokata simu. Aliiweka mezani kwa adabu, kama kikombe cha mtu. Halafu akakichukua kile kidude, akakichomeka kwa mara sijui ya ngapi, na sidii ikatokea, akakaa anaitazama.

Alasiri hiyo hiyo Narjis akaingia na akiba yake. Mimi nilikuwa napangusa rafu za zamani za nyavu. Alisimama mlangoni mwa chumba kile asichokipenda, akasema polepole kwamba siku zote hizi anasikia mgeni anaongea na mwanamume kwenye simu, mlango umerudishwa, na mume wake yuko safari. Khatija akasema ni Sohail, mama, ni kaka yangu. Narjis akasema kaka hatumi flashi ndani ya soksi. Ina nini hiyo flashi? Khatija akasema si flashi. Na kumbe kwenye skrini pale alama inaonekana, na mafaili yanaonekana, nani angemwamini?

Narjis akataka afunguliwe aone picha. Khatija akafungua, hana hata nguvu ya kubishana, akamwonyesha majina ya Kiingereza, hakuna picha, mama, hakuna sauti, hakuna kitu. Lakini yule mama akishuku kitu lazima akiguse. Akamsukuma kwa nyonga, wallahi kwa nyonga, akashika kipanya mwenyewe. Akazungusha zungusha kale kamshale mpaka akakiona kile kipembetatu juu ya mstari. Akauliza hiki kibanda ni cha nini, umeficha nini humu kwenye kibanda. Akakibonyeza.

Sidii ikapotea. Narjis akageuka na uso wa ushindi, akasema umeona, umefuta. Na hapo hapo kile kidude kikawasha taa. Taa ya kijani, ikapepesa, ikatulia, ikapepesa. Pembeni ya skrini yakatokea majina ya mitandao, na la kwanza ni la ofisi ya kasa.

 Khatija akaandika lile neno la siri, likakubali. Akampigia Sohail.

"Imewaka," akasema.

"Umefanya nini?"

"Mama amebonyeza kialama. Pembeni ya sidii. Kipembetatu na mstari."

Sohail akasema, "Si ndiyo hiyo itoe niliyokwambia siku ya kwanza? Uliniambia umeitoa."

"Mimi nilikuwa naichomoa," Khatija akasema. "Kaka, mimi nilikuwa naichomoa."

 Nilisikia Sohail anakimbia, anapanda ngazi, anaita watu wamnyanyue mzee. Narjis alikuwa amevuta kiti. Hakutoka. Nilidhani ataona haya atoke, ng'o, alikaa kama mtu aliyelipa tiketi, na mikono ameikunja.

Picha ikaja vipande vipande. Kwanza dari, halafu mto, halafu uso. Mzee alikuwa amelala, hawakuwahi kumnyanyua, kichwa wazi bila kofia, mdomo umevutwa upande mmoja. Jicho moja lilikuwa limefumba nusu, lingine lilikuwa zima kabisa. Lile zima likamwona.

"Shikamoo, baba," Khatija akasema.

Akangoja marahaba, mazoea tu, akakumbuka. Akasogea karibu na kamera. Akasema, baba, ni mimi, mtambo ulikataa, nilikuwepo kila siku, nilikuwa nasikia kila siku kwamba umekaa, sikukupita, baba. Ile siku nilikupita na nimejuta tangu pale garini. Nipe radhi yako. Akasema kwa Kiswahili, halafu akasema kwa Kihindi chao, halafu akarudi Kiswahili, maneno yanamkimbia. Mzee alimtazama. Alimtazama muda, na lile jicho halikupepesa, na mimi huku nyuma naomba Mungu amfanye aitikie kwa kichwa, mara moja tu, Mungu, hata kwa bahati mbaya.

Halafu mkono wa kushoto ukanyanyuka.

Ulikuja mbele, mkubwa, unajaza skrini, vidole virefu vya fundi saa. Sohail nyuma akasema anakushika, Khatija, anakushika. Na Khatija alipouona unakuja, alifanya alichokuwa anakitaka miaka yote ile. Aliinamisha kichwa. Alikilaza mbele ya ile skrini, akafumba macho, akangoja mkono wa baba yake utue juu yake.

Yeye hakuona. Mimi niliona. Vile vidole vilipita uso wa kompyuta vikashika ukingo wake wa juu, vikavuta. Picha ikainama, likaonekana shuka, likaonekana giza. Mzee alikuwa ameufunga mfuniko.

Khatija bado kichwa chini. Akauliza, polepole kabisa, kama mtoto anayeuliza usingizini, "Dada Mwanaharusi, ameniwekea mkono?"

Nilikuwa tayari kudanganya. Uongo ulikuwa umeshafika ulimini, ndiyo mwanangu, amekuwekea, na ningeapa, na ningekwenda nao kaburini, na Mungu angenisamehe. Sikuwahi.

"Amekufungia," Narjis akasema.

Akanyanyuka, akarudisha kiti mahali pake, akaenda kwenye mchele wake.

Sohail alipiga baadaye akasema ni ugonjwa, mkono haumtii, kesho watajaribu tena akiwa na nguvu. Hapakuwa na kesho. Alfajiri simu ililia, nami nilikuwa jikoni nawasha moto, nikamwona Khatija kwenye uwazi wa mlango na simu haijapokewa mkononi, inalia, anaitazama. Hakulia. Nilimkumbatia, akakubali kukumbatiwa. Nabeel alirudi na mizigo yake akasema ungeniambia kwamba hali ni mbaya hivyo, akampeleka arobaini. Aliporudi kutoka arobaini ndiyo akawa huyu mnayemwona.

Nadhani mngependa niishie hapo, mtoe pole mwende zenu. Sijamaliza.

Narjis ana binti yake Muscat, ana wajukuu wawili kule. Alipoona kumbe bata anaweza kuleta sura za watu, akapenda. Akaomba rasmi kwa ofisi ya kasa, wakamkubalia, mwenye duka akiomba nani atamkatalia? Akahamishia kiti chake kizuri chumba cha nyavu. Na kila mgeni anayekuja anamweleza kwamba mtambo ule uliwashinda wasomi wa Dar, akautengeneza yeye kwa kidole chake. Anasema hivyo mbele ya Khatija, na Khatija anamimina chai.

Lakini ile adapta ni mwongo kila siku. Ukizima kompyuta ukaiwasha, inarudi kuwa sidii, na lazima mtu akibonyeze kile kipembetatu upya. Sohail aliwahi kutuma maelezo ya kuirekebisha isirudie tena. Khatija aliyasoma, akayaacha, na sikumuuliza kwa nini. Narjis ameshaonyeshwa kile kialama. Khatija amemwonyesha, Abeid amemwonyesha, hata mimi nimemwonyesha, mimi nisiyejua kusoma vizuri. Anasema macho yake hayaoni vitu vidogo. Macho hayo hayo yanaona kijiwe ndani ya sinia zima la mchele.

Kwa hiyo kila alasiri, saa ile ile walipokuwa wanamvalisha yule mzee kofia, anakaa kwenye kiti chake, anasubiri sidii itokee, na anaita kwa ile sauti yake ya chini.

"Khatija. Njoo uitoe."

Na Khatija anaacha anachofanya, ananawa mikono, anakwenda, anabonyeza. Taa ya kijani inawaka. Anatoka upesi, macho yako chini, anapita dukani, anapita barabarani, anawapita nyinyi na salamu zenu, kabla sura yoyote haijatokea.